Bibi yangu alikuwa chaneli ya kulia

Najua nimepotea. Kazi za gazeti mnazijua wenyewe: asubuhi mhariri anataka habari ya maji, mchana anataka ya bei ya sukari, jioni mtu unarudi gheto kichwa kimejaa namba na ile hamu ya kuandika kitu chako mwenyewe imeshakata moto. Lakini hili la leo limenikaa kooni. Ni jambo la kifundi kidogo, la waya na chaneli na vidubwasha vya kompyuta, ila naomba usikimbie. Vumilia mpaka bibi yangu aingie kwenye kisa, ndipo utajua kwa nini nimekasirika.

Mimi kwetu ni Mapera. Sio mapera ya kula, jamani, kila nikisema kwetu Mapera watu wa Dar wanacheka... Ni Mapera ya Mbinga, huko milimani kwa Wamatengo, kwenye kahawa na maharage, na ukivuka milima upande wa pili unashuka hadi Ziwa Nyasa. Julai 2024 nilikwenda likizo nikiwa nimebeba maikrofoni mbili zisizo na waya, zile ndogo za kubana kwenye ukosi wa shati, nilizonunua Kariakoo baada ya kujinyima miezi miwili. Nia yangu ilikuwa moja tu: kuwarekodi babu na bibi wakieleza kilimo cha ngoro.

Kwa asiyejua, ngoro ni mashimo. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukatazama mlima uliolimwa ngoro, unaona kama sega la nyuki limelazwa kwenye mteremko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao Wajapani wa Kyoto walianza kuyachunguza miaka ya 1990, na wameyaandika sana. Milima yetu ni mikali, udongo ungekuwa umeshaishia mtoni zamani, lakini haujaishia. Na kazi yenyewe ina mgawanyo wake. Mwanamume anafyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba. Mwanamke anachimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafukia yale majani, ndipo linapatikana tuta pembeni na shimo katikati. Mvua ikinyesha maji yanakaa shimoni, hayaondoki na udongo, na majani yanaoza chini ya tuta yanakuwa mbolea. Kwa hiyo ukitaka kueleza ngoro unahitaji watu wawili. Mmoja anajua majani, mwingine anajua udongo.

Nikawaketisha barazani, pembeni ya kahawa iliyoanikwa. Maikrofoni moja kwa babu, nyingine kwa bibi. Na kwa kuwa mimi ni msomi (cheka tu), nikazipanga ile namna ya kila mtu na chaneli yake: babu kushoto, bibi kulia. Faida yake ni kwamba babu akikohoa wakati bibi anaongea, unakifuta kikohozi bila kumgusa bibi. Mimi mwenyewe sikujifunga kitu, maswali yangu yaliingia kwa mbali kupitia maikrofoni ya babu.

Yalikuwa mazungumzo matamu, sijapata kurekodi mazuri kama yale. Babu anaanza kwa madaha, anaeleza majani yanavyopangwa, bibi anamkatiza. Babu anasema tuta la ngoro linakaa miaka miwili, bibi anasema, "Miwili ya nani? Wewe jembe ulilishika lini?" Halafu anaeleza yeye, taratibu, mkono unaingiaje, udongo unatupwa upande gani, unajuaje kuwa majani yameoza, kwa nini maharage yanatangulia na mahindi yanafuata. Dakika 40. Nilirudi Dar nikiwa na dhahabu mfukoni.

Haya. Kuna jamaa wana redio ya mtandaoni, sitawataja, ni watu wema na chai yao nimeinywa. Nikawapa faili. Wakalicheza Jumamosi jioni, laivu, na mtangazaji akiwa nyumbani kwake na mgeni wa pili akiwa Mwanza, kila mtu na laptopu yake. Huko Mapera binamu yangu akanunua bando, akaweka simu juu ya ndoo ili isikike, ukoo mzima ukakaa kuizunguka.

Babu akaongea. Kisha kimya. Babu akaongea tena, akacheka peke yake, kimya kirefu. Mimi nikauliza swali. Kimya. Babu akasema, "Haya, mwanamke huyu ana maneno," halafu kimya tena. Ukoo ukasema mtandao. Si unajua kwetu, kila kitu ni mtandao. Binamu akapanda nao mgongoni mwa mlima kutafuta minara, akashuka, akazima simu akawasha. Kimya kilikuwa palepale, dakika zilezile.

Kesho yake bibi akanipigia. Bibi zetu mnawajua, mjukuu wa kiume ni mume. "Mume wangu," akasema, "mbona mimi hukunitoa?" Nikamwambia bibi ulitoka. "Nilitoka wapi? Ametoka babu yako. Mimi nilikuwa nakaa pale bure." Nikajitetea kwa maneno ya mtandao na mitambo. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Basi sawa, umemrekodi babu yako." Akaniambia nisalimie watu wa huko. Simu ikakatika.

Hapo ndipo nilipokaa chini kuchunguza.

Nilidhani faili ni bovu. Nikalisikiliza kwa hedifoni: babu kushoto, bibi kulia, wote safi. Nikamwendea fundi mitambo wa ile redio. Naye akalisikiliza kwa hedifoni: wote wapo. Tukatazamana. Ikabidi tufuate njia ya sauti hatua kwa hatua kama watu wanaotafuta bomba lililopasuka, na bomba tukalikuta mahali ambapo hapana bomba kabisa.

Nieleze. Unapotaka sauti ya programu moja ya kompyuta iingie kwenye programu nyingine, kwa mfano sauti ya kicheza muziki iingie kwenye programu ya mkutano, zamani ulichukua waya ukachomeka tundu la kutokea kwenye tundu la kuingilia. Siku hizi waya hauhitajiki. Unaweka draiva inayoidanganya kompyuta kwamba kuna kadi ya sauti nyingine. Programu ya kwanza inapiga sauti kwenye kadi hiyo ikidhani ni spika, programu ya pili inasikiliza kadi hiyohiyo ikidhani ni maikrofoni. Kadi yenyewe haipo. Mnakumbuka mwaka 2016 nchi nzima ilivyokuwa inahesabu wafanyakazi hewa? Basi hii ni kadi hewa. Jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo mezani, lakini kazi inaonekana inafanyika. Watu wa Windows wanatumia sana VB-CABLE au Virtual Audio Cable ya Eugene Muzychenko, wa Mac wanatumia BlackHole, na podikasti nyingi mnazozisikia hapa mjini zimepita kwenye moja ya hizo.

Kadi ya kweli ina mipaka inayotokana na umbo lake. Ina matundu, ina nyaya, kama maikrofoni yake ni moja basi ni moja. Programu ikiifungua inaiuliza: unakubali chaneli ngapi, sampuli ngapi kwa sekunde, biti ngapi kwa kila sampuli? Kadi inajibu kwa hali yake. Kadi hewa haina hali. Inajibu alivyotaka aliyeiandika. Nyingi hujitangaza kuwa ni stirio, chaneli mbili, na BlackHole ina matoleo ya chaneli 2, 16 hata 64. Ile Virtual Audio Cable walau inakuruhusu uweke mwenyewe mipaka, kuanzia chaneli ngapi mpaka ngapi, lakini niambie ni mtangazaji gani amewahi kuifungua hiyo sehemu. Sisi tunabonyeza endelea, endelea, maliza.

Sasa upande wa pili kuna programu ya mkutano. Mkutano ni watu wanaongea, kwa hiyo yenyewe inataka mono, chaneli moja, ili kupunguza mzigo. Kadi hewa inaleta mbili, yenye kuhitaji inataka moja. Hapo katikati lazima mtu aamue. Nani? Hilo ndilo swali zima, na jibu lake ni kwamba inategemea. Wakati mwingine mfumo wa kompyuta unaamua. Kwenye Windows, tangu ilipotoka Vista mwaka 2007, kuna injini ya sauti inayokaa katikati ya programu na kadi, na kila kifaa kina mpangilio wake wa kawaida unaoweza kuuona kwenye mipangilio ya sauti. Wakati mwingine programu yenyewe inaamua. Na zipo programu ambazo uamuzi wao ni rahisi mno: zinachukua chaneli ya kwanza na ya pili zinaitupa. Ya kwanza ni kushoto. Babu.

Fundi alikuwa anajisikiliza kutoka kwenye kicheza faili, yaani kabla ya kadi hewa. Yeye alimsikia bibi dakika zote 40. Dunia nzima haikumsikia.

Uniruhusu hesabu kidogo, kwa sababu watu wanafikiri haya mambo ni ya kimiujiza, na si ya kimiujiza. Sauti ndani ya kompyuta ni namba zinazofuatana. Ukiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde na kila moja ni biti 16, yaani baiti mbili, mono ni baiti 96,000 kila sekunde. Stirio ni 192,000, na zinakuja zimepishana: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama watu wanaoingia daladala kwa zamu (najua, daladala gani hiyo ya zamu). Draiva ikikosea ikadhani mkondo wa mono ni stirio, inazigawa sampuli huku na huku, muda unaisha kwa nusu, na mtu mzima anaongea kama panya wa katuni. Ikikosea kinyume chake, ikasoma stirio kama mono, sauti inaburuta kama redio kaseti ambayo betri zake zimeanikwa juani mara ya tatu. Makosa hayo mawili yana heri, maana kila mtu anayasikia papo hapo. Kosa letu halikuwa na kelele. Kimya hakimshtui mtu. Kinaitwa mtandao.

Njia ya kiungwana ya kutengeneza mono kutoka kwenye stirio ni kujumlisha kushoto na kulia kisha kugawa kwa mbili. Usipogawa unapata balaa lingine: biti 16 mwisho wake ni 32,767, sasa babu akiwa 20,000 na bibi 20,000 kwa wakati mmoja, umepata 40,000, haienei, inakatwa kichwa na sauti inakwaruza. Ukigawa, kila mmoja anapungua desibeli 6, unaongeza sauti kidogo, yamekwisha. Wote wapo. Ni mstari mmoja wa programu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauandika.

Watu wa redio walilijua hili siku nyingi. Mwaka 1961 Marekani ilipopitisha utaratibu wa kurusha stirio kwenye FM, kulikuwa na mamilioni ya redio za spika moja majumbani. Wahandisi wangeweza kurusha kushoto kwenye njia ya kawaida na kulia pembeni, wenye redio za zamani wakabaki na nusu ya muziki. Hawakufanya hivyo. Kwenye njia ya kawaida wakaweka jumla, kushoto na kulia pamoja. Tofauti ya chaneli hizo wakaipandisha juu, kwenye mawimbi ya 38 kHz, pamoja na alama ya 19 kHz ya kuiambia redio mpya kwamba hapa kuna stirio. Redio mpya inajumlisha na kutoa, inazipata mbili. Redio ya zamani haijui lolote, inasikia jumla, na katika jumla hakuna aliyeachwa nje. Nikiwaza hilo naona haya kwa niaba yetu. Watu wa mwaka 1961 walimfikiria mwenye spika moja, sisi tuna laptopu na hatumfikirii.

Na mwenye spika moja ni nani? Ni sisi! Redio za memori kadi zinazouzwa kila stendi, zile ndogo zenye tochi, zina spika moja. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja. Ile redio ya kupimia taifa, tangu Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 mpaka Radio Tanzania yenyewe, ilitufikia kwa masafa ya kati na masafa mafupi, mono tupu, na wazee wetu wamelia na kucheka mbele ya spika moja. Mjomba wangu wa Lituhi hasikii sikio la kushoto. Akivaa hedifoni na prodyuza akiwa ameweka gitaa upande huo, gitaa halipo. Kwenye Windows, kwenye iPhone, kwenye Android upo mpangilio wa kugeuza sauti iwe mono kwa watu kama mjomba. Nilimwekea. Akasema, "Kumbe huu wimbo una watu wengi."

Najua yupo anayesema stirio ndiyo maendeleo, mono ni ya kizamani, tusirudi nyuma. Kwa muziki nakubali, na hata huko kwa tahadhari. Albamu ya kwanza ya The Beatles, ya mwaka 1963, toleo lake la stirio limeweka vyombo upande mmoja na waimbaji upande wa pili. Ipitishe kwenye kadi hewa ya ile redio uone: vyombo vinacheza, waimbaji wamekwenda kunywa chai. Lakini mazungumzo ya watu wawili barazani yanahitaji stirio ya nini? Babu na bibi wamekaa benchi moja. Nikilihifadhi faili langu kwa mono ya kilobiti 64 ni MB 19, kwa stirio ya kilobiti 128 ni MB 38, na binamu yangu analipia bando kwa pesa yake.

Yupo mwingine, huyu namheshimu zaidi, anayesema suluhisho ni jepesi, kila draiva ichanganye chaneli zote mbili daima, basi. Nilikuwa na mawazo hayohayo kwa siku tatu. Halafu fundi akanionyesha kitu. Akachukua maikrofoni kubwa ya studio, ile ya pini tatu, akaichomeka kwa waya wa kuunga kwenye tundu dogo la stirio. Maikrofoni hizo hupeleka sauti ileile kwenye nyaya mbili, moja imegeuzwa kinyume cha mwenzake, ili kelele za njiani zifutane. Ikifika kwenye tundu la stirio, waya mmoja unakuwa kushoto, wa pili kulia. Kwenye hedifoni unasikia sauti, ya ajabu ajabu lakini ipo. Akabonyeza mono. Ikazimika yote. Kushoto ni 5, kulia ni kasoro 5, jumlisha mwenyewe. Ukitaka ushahidi wa nyumbani, chukua hedifoni ya elfu mbili uichomeke nusu: mwimbaji anapotea unabaki na mwangwi na ngoma za pembeni, kwa sababu unachosikia ni tofauti ya chaneli mbili, na mwimbaji alikuwa sawasawa pande zote. Kwa maikrofoni ile, kuchukua chaneli moja ndiyo njia sahihi na kuchanganya ndiyo maafa.

Mafundi wa kanda za zamani wana yao pia. Kuna kanda za mono zilizorekodiwa njia mbili, kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Ukizicheza kwenye mashine ya stirio, sikio moja unasikia hotuba, sikio la pili unasikia hotuba nyingine inarudi kinyumenyume. Changanya hizo uone utakavyopata wazimu. Mara nyingi nafikiria maktaba za sauti za nchi hii, kanda za taarab na dansi na hotuba zinazohamishiwa kwenye kompyuta na vijana wanaobonyeza endelea, endelea, maliza. Mwaka 2012 kulikuwa na vijana wa Tanzania Heritage Project waliohangaikia hazina ya kanda za Radio Tanzania. Kazi ya namna hiyo ukikosea chaneli leo, atakayegundua ni mjukuu, na kanda yenyewe wakati huo imeshaliwa na unyevu.

Kwa hiyo kero yangu haiko kwenye kuchanganya wala kutochanganya. Inanikera kwamba draiva hewa inajibu swali ambalo haijaulizwa mtu. Inasema mimi ni stirio, nayo imebebeshwa mono iliyowekwa upande mmoja. Au inasema sawa nitakupa mono, na haisemi imeipataje. Wanaoziandika hizi draiva wanaweza kabisa kuweka kisanduku kimoja, mahali panapoonekana, chenye maneno matatu ya kuchagua: kushoto, kulia, wote. Waweke na taa mbili, moja kila chaneli, zionyeshe kinachoingia na kinachotoka. Ule mstari wa kutupa chaneli ya pili uliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, na mara nyingi haleti madhara kwa sababu watu wengi wana maikrofoni moja. Ni mpaka umkute bibi kulia.

Na sisi wanahabari? Mimi nina sehemu yangu, siwezi kuitupia redio yote. Nililisikiliza faili kwa hedifoni nzuri, chumbani, usiku, nikajisifu. Sikulipiga hata mara moja kwenye spika ya simu iliyowekwa juu ya ndoo, na ndivyo lilivyokwenda kusikilizwa. Nililitoa faili la kazi, lenye babu huku na bibi kule, nikalipeleka hewani kama limepikwa wakati lilikuwa bado vitunguu. Kuchanganya ilikuwa kazi yangu kabla ya kulitoa mlangoni. Fundi naye siku hizi ana simu ya pili studio, ya bei nafuu, inayosikiliza matangazo yenyewe kama msikilizaji, mwisho kabisa wa njia. Na ile kadi hewa ameiweka chaneli moja pande zote mbili. Hakunilaumu wala sikumlaumu. Tulikunywa chai.

Kinachoniuma ni wale waliosikiliza. Wiki iliyofuata nilikutana na kijana mmoja msomi pale Mwenge, akaniambia kipindi kilikuwa kizuri, kumbe ngoro ni kupanga majani tu, kazi nyepesi, na kumbe wanaume wa Kimatengo ndio waliobuni kila kitu. Nikamuuliza hukuona kama kuna mtu anakosekana? Akasema aliona mzee anapumzika pumzika, akadhani ni umri. Udongo wote ulikuwa umekatwa! Jembe, tuta, shimo, maharage, mbolea, yote yalikuwa kulia. Na jinsi mambo yetu yalivyo hata bila kompyuta, nani angeshangaa mwanamke kukaa dakika 40 bila kusema neno?

Redio ilirudia kipindi, faili sahihi, Jumapili saa tatu asubuhi. Bibi alikuwa kanisani. Nikaona hapana. Nikachanganya upya, nikamwongeza bibi kidogo kwa sababu alikuwa anaongea akigeuka kwa babu, nikaweka kwenye memori kadi, nikainunulia na redio, nikaikabidhi kwa ndugu anayepanda basi la Songea. Ilichukua siku nne kufika.

Binamu akanipigia jioni. Hakusema kitu, aliiweka tu simu karibu na redio. Nikamsikia babu anaanza na ile miaka yake miwili, nikamsikia bibi, "Miwili ya nani?" Halafu nyuma yake nikamsikia bibi mwenyewe, yule wa barazani, anacheka mpaka anakohoa, anamwambia babu, "Umesikia? Umesikia nilivyokwambia?"

Faili ni dakika 40, MB 19, mono. Anayelitaka aseme nimtumie.